Baharia wa Pili

Kwenye majina ya mwisho, herufi zikipanda mbio
kama siafu waliomwagiwa maji ya moto,
jina la baba limekosewa: Kibwana Mganza.
Sisi ni Mgaza. Hiyo N haikuzaliwa kwetu.

Chombo chenyewe kilijengwa ndani ya ghala la katani
upande wa Pongwe:
mbao nyepesi, trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha,
taa za pikipiki,
na moshi wa vifuu uliowakohoza mabaharia wote wa anga.
Wakakiita Safina ya Saba.
Kilikuwa kinakwenda kwenye nyota
ambayo mwandishi hakuwa ameipa jina bado
siku walipoanza kupiga picha.

Baba alikuwa mfunga kamba gatini, zamu ya usiku.
Walimtaka kwa ajili ya mabega.
Wakampa maneno matatu:
"Nahodha, mlango haufungi."
Aliyasema wiki nzima pale Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa kuku, kwa kioo, kwa mgongo wa mama akisonga ugali,
mara kwa hofu, mara kwa adabu,
mara kama fundi anayekudai pesa ya bawaba.
Mama akamjibu, "Basi uegemeze kiti, tulale."

Sehemu ya nne, dakika ya kumi na tisa, anakufa.
Mlango haufungi kweli. Giza linamvuta:
giza ni shuka jeusi,
na vijana wawili wa Mabawa wameshika mkanda wa kiuno chake.
Nahodha analia machozi mazuri sana
na kamera inabaki na Nahodha.
Baba hatumwoni tena, ila kiatu.

Usiku ule alirudi kwa baiskeli, shingo bado ya fedha.
Askari wa Chumbageni alimsimamisha
amuulize anaumwa nini.

Lakini tazama sehemu ya pili.
Nahodha anahutubia habari za binadamu na kesho yake,
maneno marefu, yana mwangwi,
na nyuma ya bega lake la kushoto, kwenye ukungu wa picha,
kuna mikono.
Walimpa kamba aishike tu.
Hakuna aliyemwambia afanye kitu.
Mikono ikapiga kitanzi, ikapitisha, ikarudisha,
ikakaza kwenye bomba ambalo ni pipa la rangi,
bila macho kwenda huko hata mara moja.
Mwongozaji alifoka: angani, kamba ya kufunga nini?
Baba alinisimulia jibu lake kwa haya kidogo:
"Bwana, chombo kikiondoka, iko siku kitataka kufungwa."
Hawakurudia. Jua lilikuwa linawakimbia.

Kwa hiyo limo, lile fundo.
Nimelitafuta kwenye simu kwa kucha ya kidole gumba,
nikisogeza, nikirudisha,
hadi bando likaisha.

Alifia Bombo, figo, mwezi wa Rajabu,
mwaka wa pili sasa.
Watu walikuja kiasi. Hakuna nahodha aliyelia.

Mama hataki sehemu ya nne. Anataka ya tisa,
ambako pesa zilikuwa zimewaishia
wakachomeka picha za zamani kujaza ujia wa chombo.
Baba, aliyekwisha kufa sehemu tano nyuma,
anapita kutoka kushoto kwenda kulia, sekunde saba,
kabeba ndoo,
uso wake haujaambiwa.

"Rudisha," anasema mama.
Narudisha. Anapita.
"Tena."
Anapita.
Nasogeza kiti karibu, nimeshaandaa upande wa kanga.
Mama ananyoosha kidole, anagusa kioo,
na picha inaganda kwa bahati mbaya,
mguu mmoja wa baba bado haujatua.

"Ile ndoo yangu," anasema.
"Ya bluu. Waliiazima kwa wiki moja."